DHAHABU YA KUMBUKUMBU NA MFUKO WA MFANYA KAZI

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Kamati ya Tawi katika mikutano miwili ya wanachama, Kitui mjini na Wote. Tumeyapiga chapa kwa sababu wenzetu wengi wa Mwingi, Mutomo, Kibwezi na Makindu hawakuweza kufika.)

Ndugu wanachama,

Leo hatukuja kusema habari za nyongeza ya mshahara. Habari hizo zina mkutano wake na tarehe yake mmekwisha kuijua. Leo twataka kusema juu ya fedha ambazo zimekwisha kuingia mfukoni mwenu, na juu ya mkono mwingine ulionyoshwa kuzitoa.

Kwa muda sasa Kamati imekuwa ikipata habari za watu wanaokuja karibu na siku ya mshahara, na hasa pale mzee anapolipwa kiinua mgongo chake. Huja na kijisanduku kizuri chenye kitambaa chekundu ndani. Katika kijisanduku mna sarafu ya rangi ya dhahabu, yenye picha ya mtu mkubwa au ya mnyama, na cheti cha karatasi ngumu. Husema hivi: "Hii ni sarafu ya kumbukumbu. Zimetolewa chache tu. Nunua leo, uuze mwaka ujao kwa bei mara mbili." Wengine hawaji kwa miguu, huja kwa simu.

Wako wenzetu waliosikiliza. Mmoja wao alituruhusu tuseme habari zake bila kutaja jina lake, nasi twazisema kwa sababu si aibu yake peke yake.

Mwenzetu huyu, mfanya kazi wa upande wa Makueni, alichukua mkopo wa shilingi 120,000 katika chama chetu cha akiba mwaka 2024. Wadhamini wake walikuwa wanne, wote wa kazi moja. Riba ilikuwa moja kwa mia kila mwezi juu ya deni lililobaki, na muda wa kulipa miezi 24. Kwa fedha hizo akanunua sarafu moja. Mjue kwamba huyu hakudanganywa kwa shaba. Sarafu yake ilikuwa dhahabu kweli, robo ya wakia. Mwezi wa nne mtoto akaitwa shule na karo ikatakiwa. Akaichukua sarafu akaenda Nairobi kuiuza. Duka la kwanza wakasema hawanunui vitu vya namna ile. La pili wakamwambia aiache, akipatikana mtu atapigiwa simu. La tatu lilikuwa la sonara. Sonara akaitia katika mizani, akaipiga hesabu kwa uzito, akatoa fungu lake, akamwekea mezani shilingi 68,000. Picha hakuitazama, na cheti akamrudishia.

Basi fanyeni hesabu pamoja nasi. Mkopo ni 120,000. Riba ya miezi 24 kwa mpango ule ni 15,000. Jumla atalipa 135,000. Alipata 68,000. Hasara ni shilingi 67,000, na hapo hatujaweka nauli. Mshahara ulipokatwa ukawa hautoshi nyumbani, akaacha kazi akaenda kutafuta kibarua mahali pengine, na wadhamini wanne wakaanza kukatwa. Wanne hao hawakuiona sarafu ile hata siku moja. Hii ndiyo sababu jambo hili ni la Chama, wala si la mtu mmoja na tamaa yake.

BEI TATU KATIKA SARAFU MOJA

Ndugu, katika sarafu ya kumbukumbu mna bei tatu, nazo ni mbalimbali kabisa. Asiyezijua atalipa bei moja na kuuza kwa nyingine.

Bei ya kwanza ni ile iliyoandikwa usoni. Bei ya pili ni ya dhahabu iliyomo, kwa mizani. Bei ya tatu ni ya hamu, yaani kile ambacho mkusanyaji wa sarafu atakubali kutoa kwa sababu tu anaitaka ikamilishe mkusanyo wake. Mlanguzi huishi katika bei ya tatu.

Tuchukue mfano wa nchi yetu wenyewe. Mwaka 1966, mwaka ule ule ambao Benki Kuu ya Kenya ilifungua milango na shilingi ya Kenya ikaanza, zilipigwa sarafu za dhahabu kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta. Zilikuwa za aina tatu: ya shilingi 100, ya shilingi 250 na ya shilingi 500. Ya 100 ilikuwa na uzito wa gramu 7.6, ya 250 gramu 19, na ya 500 gramu 38, zote dhahabu ya karati 22. Za shilingi 100 zilipigwa 7,500, za 250 zilikuwa 1,000, na za 500 zilikuwa 500 tu. Jumla ni sarafu 9,000, katika nchi ambayo hesabu ya watu ya 1962 ilikuta watu zaidi ya milioni 8.6. Yaani sarafu moja kwa kila watu 950 hivi.

Sasa tazameni mizani. Mwaka ule bei ya dhahabu ilikuwa dola 35 kwa wakia, nayo dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Kwa hiyo wakia moja ilikuwa kama shilingi 250. Sarafu ya shilingi 500 ilikuwa na dhahabu safi ya wakia moja na kidogo, yaani dhahabu ya shilingi 280 hivi. Ya shilingi 100 ilikuwa na dhahabu ya shilingi 56 hivi. Mwaona? Tangu siku ya kwanza dhahabu ilikuwa zaidi kidogo ya nusu ya kile kilichoandikwa usoni. Aliyelipa 500 alilipa 280 kwa dhahabu na 220 kwa kumbukumbu.

Je, alifanya vibaya? La, hatusemi hivyo. Mwaka 2025 bei ya wakia ilipita dola 4,000. Aliyeiweka sarafu ile sandukuni tangu 1966 ana mali kweli, na aliyeweka noti za shilingi 500 hana kitu. Lakini ni nani aliyeweza mwaka 1966 kuchukua shilingi 500 na kuziweka sandukuni miaka karibu 60? Hakuwa mkata katani wa Kibwezi, ambaye fedha hizo zilikuwa jasho lake la miezi kadhaa. Hakuwa kibarua wa reli pale Makindu. Aliweza yule aliyekuwa amekwisha kula, kuvaa, kusomesha watoto na kujenga, na bado akabakiwa.

Tena kungoja kwenyewe si njia iliyonyooka. Mwezi wa Januari 1980 wakia ilifika karibu dola 850, na watu duniani wakakimbilia kununua. Mwaka 1999 ilikuwa imeshuka mpaka karibu dola 250. Aliyenunua kileleni mwa 1980 alikaa miaka 19 akiitazama mali yake ikipungua. Tajiri hukaa akangoja. Mwenye mkopo wa miezi 24 atangojaje miaka 19?

Juu ya bei ya usoni, tusiitegemee pia. Waganda walipiga sarafu za dhahabu mwaka 1969, Papa Paulo wa Sita alipozuru nchi yao. Kubwa kuliko zote iliandikwa shilingi 1,000, nayo ilikuwa na uzito wa gramu 138. Mwaka 1987 Uganda ilibadili fedha yake, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Kwa hesabu hiyo, lile neno 1,000 lililochorwa katika dhahabu likawa shilingi 10. Dhahabu ilibaki na thamani yake, maandishi ndiyo yaliyokufa. Na sisi twakumbuka tarehe 1 Oktoba 2019, noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilipokoma kuwa fedha katika Kenya. Noti za karibu shilingi bilioni 7.4 hazikurudi benki, zikawa karatasi. Kilichoandikwa na serikali, serikali yaweza kukifuta.

FOLENI YA 2014

Sasa tuitazame bei ya tatu, bei ya hamu, maana huko ndiko penye hatari. Tutatoka kidogo nje ya nchi, kwa sababu jambo hili lilionekana wazi sana huko Marekani mwaka 2014, nasi twapata fundisho bila kulipa karo.

Kiwanda cha serikali ya Marekani cha kupiga sarafu kilitoa nusu dola ya dhahabu kuadhimisha miaka 50 ya sarafu ya Rais Kennedy. Ilikuwa na robo tatu ya wakia ya dhahabu. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 1,240, na dhahabu iliyomo haikufika dola 1,000 siku ile. Uuzaji ulianza tarehe 5 Agosti 2014, katika maonyesho ya wakusanyaji karibu na Chicago, na katika madirisha ya kiwanda huko Philadelphia, Denver na Washington. Kila mahali kulikuwa na idadi maalum ya kuuzwa kwa siku.

Watu walilala nje. Wafanya biashara ya sarafu, wakijua kwamba mtu mmoja hapewi zaidi ya kiasi fulani, wakaajiri watu wa kusimama foleni kwa niaba yao, na miongoni mwao walikuwamo watu wasio na nyumba za kulala. Mtu wa kwanza katika foleni ya Chicago alinunua sarafu yake kwa dola 1,240. Wafanya biashara wakaichukua, ikatiwa katika kifuko cha plastiki chenye maandishi kwamba hii ndiyo ya kwanza, ikauzwa kwa dola 100,000. Habari zilipoenea, foleni zikageuka msukumano. Tarehe 7 Agosti kiwanda kikasimamisha uuzaji wa mkono kwa mkono, kwa kuhofia usalama wa watu.

Ndugu, katika habari hii sisi wafanya kazi tutazame mambo mawili.

La kwanza ni hili. Kiwanda hakikuweka mpaka wa sarafu ngapi zitapigwa. Mtu yeyote aliweza kuagiza na kungoja zamu yake, na mwishowe ziliuzwa zaidi ya 70,000. Basi upungufu ulikuwa wa foleni, haukuwa wa sarafu. Watu waliuziana siku, saa na kifuko cha plastiki. Foleni ilipokwisha, sarafu nyingi zilirudi kutazamwa kwa mizani, kama ile ya mwenzetu wa Makueni.

La pili ni hili. Nani alifanya kazi usiku ule? Ni yule aliyesimama. Baridi ilikuwa yake, msukumano ulikuwa wake, hatari ilikuwa yake. Akapewa ujira wa kibarua, akaenda zake. Faida ilikwenda kwa mwenye mtaji aliyemtuma. Je, si habari tunayoijua? Majina mageni tu, lakini kazi ni ile ile, na ujira ni ule ule.

WAKAMBA NA BEI YA MBALI

Wengine watasema kwamba sisi watu wa huku hatujui biashara ya vitu vya thamani. Si kweli. Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 kwa mzee Kivui, alikuta watu waliokuwa wakipeleka pembe za ndovu mpaka pwani. Babu zetu walijua biashara kabla ya reli na kabla ya shilingi. Walijua pia kwamba pembe haikuwa na kazi kubwa nyumbani. Bei yake ilitoka mbali, kwa watu wasioonekana. Aliyekuwa karibu na mnunuzi alipata zaidi, na aliyekuwa mbali, porini, alipata kidogo. Mwenye miembe wa Makueni anaijua habari hii hata leo: embe hulimwa naye, na bei hutajwa na dalali aliyekuja na lori.

Basi sarafu ya kumbukumbu ni kitu cha bei ya mbali. Wakusanyaji wenye fedha wako London, New York na Dubai. Kati yao na Wote pana madalali wengi, na kila mmoja hula kidogo. Anayekuuzia wewe hapa kijijini anajua kwamba wewe hutaweza kumfikia mkusanyaji. Kama angeweza yeye mwenyewe kuiuza London kwa bei mara mbili, asingepanda matatu kuja kukutafuta wewe. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Twaomba mkumbuke kware. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 nchi nzima ilisikia kwamba mayai ya kware ni dawa na ni utajiri. Yai moja liliuzwa hadi shilingi 100. Watu wakachukua mikopo, wakajenga vibanda, wakatafuta leseni. Walioneemeka ni wale wa kwanza waliowauzia wengine vifaranga. Miezi michache baadaye yai halikupata mnunuzi hata kwa shilingi chache, na ndege wakaliwa kitoweo au wakafunguliwa. Wako humu mkutanoni waliokuwa na vibanda. Hatuwataki wanyoshe mikono. Lakini mjue kwamba sarafu ya ulanguzi ni kware aliyetiwa dhahabu: faida ya aliyenunua jana hutoka katika mfuko wa anayenunua leo, na siku asipopatikana wa kesho, wa leo ndiye mwisho.

NA ILE SARAFU YA SHILINGI 40?

Wengi wametuuliza habari za sarafu ya shilingi 40. Hii ilitolewa Desemba 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, nayo ina picha ya Rais Mwai Kibaki. Mzee Kibaki alipofariki Aprili 2022, watu walianza kutangaza kwamba wanaiuza kwa fedha nyingi mno. Mwenye nayo akaiona kama shamba.

Ukweli ni huu. Sarafu ile haina dhahabu hata chembe. Haikupigwa mia tano kama ile ya 1966. Ilitolewa kwa umma wote, tukaipokea dukani na ndani ya matatu. Kutangaza bei si kuuza. Mtu aweza kuandika shilingi milioni moja juu ya jiwe la mto Thwake, na jiwe likabaki jiwe. Swali si lile la bei gani imetajwa, bali ni nani aliyelipa, na lini. Yako mambo yanayoweza kuipa sarafu ile heshima. Katiba ya 2010 ilikataza picha za watu katika fedha zetu, na tangu Desemba 2018 sarafu mpya zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Kwa hiyo zile zenye nyuso za marais zitakuwa ukumbusho kwa watoto wetu. Iwekeni kwa sababu hiyo, nanyi hamtapata hasara, maana gharama yake ilikuwa shilingi 40.

MASWALI YA WANACHAMA

Baada ya maneno hayo wanachama waliuliza, na Kamati ilijibu kama ifuatavyo.

Swali: Nitajuaje kama ni dhahabu au ni shaba iliyopakwa?
Jibu: Usitegemee macho, cheti wala sumaku. Sumaku haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba pia. Dhahabu ni nzito sana, uzito wake ni mara 19 wa maji ya ujazo ule ule, na shaba nyeupe au nyekundu haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo kipande cha bandia chenye ukubwa sawa kitakuwa chepesi mno, au kama uzito ni sawa kitakuwa kinene mno. Nenda kwa sonara mwenye mizani kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa mwende pamoja kwa sonara, amekwisha kukujibu.

Swali: Marehemu baba aliacha shilingi za zamani za Afrika ya Mashariki zenye kichwa cha Mfalme. Kuna mtu asema zina fedha nyingi ndani. Je, nimuuzie?
Jibu: Shilingi zile zilizoanza 1921 mpaka wakati wa Mfalme George wa Sita zilikuwa na robo moja tu ya fedha safi, yaani chini ya gramu 2 katika sarafu nzima. Zilizopigwa tangu 1948 hazina fedha kabisa. Mkusanyaji aweza kutoa zaidi kwa mwaka ulio adimu na sarafu isiyochakaa, lakini nyingi si adimu. Usizisugue ziwe nyeupe, maana wakusanyaji hawapendi sarafu iliyosuguliwa. Na mtu akikutaka ulipe "ada" kwanza ndipo akupe mamilioni, mfukuze.

Swali: Kwa nini Chama kisinunue sarafu hizo kwa jumla, kikatuuzia bei nafuu?
Jibu: Fedha za Chama ni za kuwatetea mnapofukuzwa kazi na za kuwazika mnapofiwa. Hatuna haki kuzitia katika kitu ambacho mnunuzi wake hatumjui. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ulanguzi hauna daftari.

Swali (kutoka kwa dada mmoja wa Kitui): Mume wangu amekwisha kununua, tena bila kuniambia. Tufanye nini?
Jibu: Kwanza, mama, msigombane kabla ya kujua mlicho nacho. Mkaipime. Ikiwa ni bandia, pelekeni habari polisi mapema pamoja na simu na risiti ya malipo, wala msione haya, maana haya ndiyo inayomfanya mwizi arudi kwa jirani yenu. Ikiwa ni dhahabu kweli, na hamna deni, iwekeni mahali salama na msiiuze kwa haraka. Ikiwa ilinunuliwa kwa mkopo, njooni ofisini pamoja na wadhamini. Ni afadhali kuiuza leo kwa sonara na kupunguza deni kuliko kulea riba miaka miwili kwa matumaini.

Swali: Je, mwasema mfanya kazi asiwe na kitu kizuri?
Jibu: La, hasha. Mtu aliyelipa karo, aliyeweka hisa zake, asiye na deni, akitaka kununua sarafu ya ukumbusho amwachie mjukuu, na aitunze kwa furaha. Huyo ananunua kumbukumbu, naye anaipata siku ile ile. Twamwonya yule anayenunua ili amuuzie mwingine ambaye hajamwona.

TULIYOAZIMIA

Mikutano yote miwili ilikubaliana mambo manne, nasi twayaandika hapa ili kila tawi dogo liyasome kwa sauti:

1. Kamati ya mikopo ya chama chetu cha akiba iombwe isitoe mkopo kwa ajili ya kununua sarafu, madini au kitu chochote cha kuuza tena, mpaka mwombaji aonyeshe kwa maandishi ni nani atakayekinunua.

2. Mdhamini ana haki ya kuuliza mkopo ni wa nini. Anayekataa kumjibu mdhamini wake asidhaminiwe.

3. Kila mwanachama anayekaribia kustaafu aje azungumze na mwakilishi wake kabla kiinua mgongo hakijalipwa, wala si baada ya kulipwa.

4. Wauzaji wa namna hii wasiruhusiwe kufanya mikutano katika nafasi za kazi siku ya mshahara. Wawakilishi waseme na wasimamizi juu ya jambo hili.

Ndugu, twamaliza. Kiinua mgongo ni miaka 30 ya kuamka saa kumi. Ni mgongo wenyewe. Mwenye kuleta kijisanduku chekundu hakuwapo miaka ile, hakushika jembe wala ufagio, hakusimama lindo usiku. Akija, muulize maneno matatu tu: dhahabu iliyomo ni gramu ngapi, wewe mwenyewe utainunua kwangu kesho kwa kiasi gani, na utaandika hayo na kutia sahihi? Akiandika na kutia sahihi, mlete ofisini tumwone.

Na wale wadhamini wanne wa mwenzetu bado wanakatwa. Tawi limefungua mchango wa kuwasaidia kumaliza deni, na mwenzetu mwenyewe ameahidi kurudisha kidogo kidogo kwa kadiri anavyopata kibarua. Daftari la mchango liko kwa mweka hazina. Haba na haba hujaza kibaba.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenu,
Kamati ya Tawi.